Msimsumbue, Anachora

Mtoto akisifiwa, sisi wazazi tuna kawaida moja: tunamtazama anayesifu. Tunamwangalia mdomo, tunayaokota maneno yake matamu moja moja, tunayabeba mpaka kwa jirani. Yule anayesifiwa tunamwacha pale pale alipokaa. Hatumuulizi lolote, maana mtu aliyesifiwa ana shida gani?

Hii ni habari ya msichana aliyesifiwa.

Aliitwa Makaa. Jina la kuandikishwa alikuwa nalo, lakini lilitolewa siku ya mahudhurio tu, kama nguo ya harusini. Makaa alipewa nyumbani, kwa sababu tangu hajang'oka meno ya utotoni alikuwa akiokota vipande vya makaa yaliyozimika jikoni na kuchora sakafu. Mama yake alifoka, akachapa, akayaficha makaa juu ya kabati, mwisho akachoka. "Haya, chora," akasema, "lakini ukichora mlango wa watu utanitambua mimi ni nani."

Mama alikuwa mshonaji. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, na cherehani ilikaa kwenye kile walicholala watoto, chini ya dirisha, maana ndiko kulikokuwa na mwanga. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuja, akala, akalala, akaondoka. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa cha wanawake watupu: mama akikanyaga cherehani, wateja wakipimwa viuno na kubisha kwamba futi imewadhulumu, na Kitinda, mdogo wake Makaa, akiuliza maswali yasiyo na kichwa wala mkia. Katikati ya ghasia hiyo Makaa alichora. Hakuwahi kuomba watu wanyamaze. Asingejua hata kwa nini mtu aombe jambo kama hilo.

Shuleni alikaa dawati la nyuma na rafiki yake, msichana mwenzake waliyemwita Kifutio. Huyu alifuta sana, mpaka madaftari yake yalikuwa na matundu kama chujio. Kuchora kulimshinda kabisa. Hata yai likitoka mkononi mwake lilikuwa na pembe. Lakini mdomo Mungu alimjalia.

"Hilo sikio la nani?" angeuliza, shingo ameinyoosha juu ya karatasi ya mwenzake.

"Lako."

"Langu? We Makaa, hiyo ni sahani. Bado kijiko tu."

Makaa angecheka, angelitazama sikio upya, angeona kweli limezidi, angelifuta. "Haya, sasa?"

"Sasa ni la mtu. Mtu mbaya, lakini mtu."

Ndivyo walivyofanya kazi. Kifutio akisimulia visa vya shangazi yake, mdomo wake ulikwenda upande, na Makaa aliudaka mdomo huko huko ulikokwenda. Mtu akisema, Makaa alimwona. Mtu akinyamaza, ilikuwa kama amezimiwa taa. Hili yeye mwenyewe hakulijua. Nani huchunguza mguu unaomfikisha salama kila siku?

Mwalimu wa sanaa alikuwa bwana mwembamba, mpole, mwenye mazoea ya kupita kati ya madawati huku mikono ameifunga mgongoni. Alikuwa msemaji. "Makaa, kivuli hicho kimetoka jua la wapi?" angesema akipita. "Kifutio mwanangu, acha kuiua karatasi, haijakukosea." Darasa lilimpenda kwa hilo.

Siku moja akapita, akarudi nyuma, akasimama. Makaa alikuwa amemchora Kifutio anacheka: mkono mmoja umeziba jino lililovunjika, mkono wa pili unapiga dawati, bega moja limepanda juu. Darasa zima likanyamaza, likijua mtu anachapwa sasa hivi. Aliichukua karatasi, akaipeleka dirishani, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akarudi nayo.

"Nani kakufundisha kwamba mtu akicheka bega hupanda?"

"Kifutio, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, na Kifutio akasimama akainama kama mheshimiwa anayeshukuru wapiga kura. Mwalimu akatabasamu tu. Alidhani mtoto anatania. Laiti siku ile angeuliza mara ya pili.

Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri hili lieleweke mapema. Mwisho wa kila mwaka kulikuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi, na mgeni kutoka chuo cha sanaa alikuja kutazama. Akiridhika, alichagua mtoto mmoja, na huyo akasomeshwa na chuo mpaka mwisho. Kutoka shule yao hakuwahi kuchaguliwa mtu. Mwalimu aliiona ile karatasi, akaona mlango umefunguka. Siku yake ya mapumziko alikuja shuleni amekunja mikono ya shati, akaitoa mizigo yote ya stoo iliyopakana na darasa lao: viti vilivyovunjika, ramani zilizoliwa na mende, ngoma isiyo na ngozi. Akafagia. Akaosha kidirisha cha juu mpaka mwanga ukaingia. Akaipiga msasa meza kwa mkono wake mwenyewe, Makaa asije akachomwa na vibanzi.

"Nilipokuwa mwanafunzi," akamwambia siku aliyomkabidhi, wamesimama wawili mlangoni, "tulibanana kama njiti za kiberiti. Nachora, mwenzangu ananipiga kiwiko. Nachora, huyu anacheka, yule anauliza. Mwalimu wangu hakuwahi hata kujua jina langu. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: mlango unaofungika. Nikakikosa. Wewe hutakikosa."

Makaa akaona haya, akatazama chini.

Akampa na masharti, yote kwa upole. Asitazame kazi za wenzake, zitamharibia mkono. Asimwonyeshe mtu picha kabla haijaisha. "Maoni ya wengi ni maji kwenye rangi," akasema. "Sawa, mwanangu?"

"Sawa, mwalimu."

Jioni ile ile mwalimu alifika nyumbani kwao. Mama alimwachia kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama na futi shingoni, akimsikiliza kama anayesikiliza daktari.

"Mama, mtoto wako ana kipaji. Sisemi hivi kwa kila mtoto."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kinahitaji utulivu. Akiingia chuo kile, maisha yake yamebadilika. Ila anahitaji utulivu, shuleni na hapa."

Mama akatazama chumba chake. Akaona vitambaa sakafuni, akaona mteja ameketi kitandani kwa watoto akijipepea, akaona Kitinda amelala kifudifudi juu ya karatasi za dada yake. Akaona haya kama aliyefumaniwa na uchafu. Yeye alisoma shule ya msingi akaishia hapo. Alikuwa msichana wa akili, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kuingia nyumbani kwao kusema hivyo. Makaa alimwona mama yake akijifuta mikono kwenye gauni mara mbili, ingawa haikuwa na kitu.

"Nimekuelewa, mwalimu," mama akasema. "Hata ikibidi mimi nilale nje."

Kesho yake cherehani ikahamishwa barazani. Kitinda akahamishiwa kitandani kwa mama, akilia kwamba kafukuzwa. Mlango wa chumba ukawekewa pazia nene, mabaki ya nguo ya mteja, na wateja walipofika mama aliweka kidole mdomoni. "Msimsumbue, anachora." Wakaanza kunong'ona. Wakapimwa viuno kwa ishara.

"Mama Makaa," jirani akauliza, "humo ndani mna mtoto au mna mzazi kajifungua?"

"Mna msomi," mama akajibu, naye akatamani jirani aulize tena.

Siku za mwanzo zilikuwa asali, tusidanganyane. Makaa alikuwa na meza. Alikuwa na penseli mpya laini, na brashi ambazo hazikuota vipara. Alipopita uani watoto wa madarasa ya chini walimnyooshea kidole. Aliketi stooni akachora chupa, akachora ile ngoma isiyo na ngozi iliyosahauliwa mlangoni, akachora mkono wake wa kushoto. Mambo yakaenda.

Kisha akataka kumchora mtu.

Ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Upande wa pili darasa likicheka, Makaa alisikia kicheko chote, na ndani yake alikitambua cha Kifutio, kinachoanza kama kikohozi. Penseli ilisimama. Alingoja aambiwe kimechekesha nini. Hakuna aliyekuja kumwambia. Akajaribu kuuchora uso wa Kifutio kwa kumbukumbu, ukatoka uso wa pakiti ya sabuni: mzuri, umenyooka, hauna mwenyewe. Akafuta. Akachora wa mama, nao ukatoka vile vile, ndugu wa yule wa sabuni. Akaleta kioo kidogo kutoka nyumbani, akajitazama. Aliyekuwa kiooni naye alikuwa kimya, akimngoja yeye aanze.

Mwalimu alikuja kila siku. Lakini yule msemaji wa darasani alibaki darasani. Huku aliingia kwa ncha za viatu, akasimama nyuma ya bega la Makaa, akapumua, akatoka. Mlango aliufunga polepole kama wa chumba cha mgonjwa. Ndiyo ilikuwa heshima yake kubwa kuliko zote, na aliitoa kwa moyo mkunjufu: alimpa mtoto ukimya wake. Makaa alikaa akisubiri aulizwe kivuli kimetoka jua la wapi. Angeulizwa hata hilo tu, angegeuka, angemwona mwalimu mdomo unavyokwenda, labda angemchora yeye.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole kikishavishwa pete, nani atakikumbusha kwamba kina wenzake?

Siku moja wakati wa mapumziko alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaenda darasani. Pale pake pa zamani palikuwa na mtu, msichana mgeni mwenye riboni, ametandaza vitabu vyake mpaka upande wa Makaa.

"Tupisheni jamani, Malkia wa Stoo anapita!" mmoja akapaza sauti.

"Karibu mheshimiwa, ila huku kwetu mna vumbi."

Kifutio akacheka kidogo, kisha akaacha. Makaa akasimama mbele ya dawati, mkono juu ya mfuko. Ndani ya karatasi ile kulikuwa na uso wa Kifutio uliomshinda, na alitaka kitu kimoja tu duniani: mtu amwambie sikio hili ni sahani.

"Una nini mfukoni?" Kifutio akauliza.

Makaa akafungua mdomo, akakumbuka masharti. "Hakuna."

"Ni picha. Nimeiona pembe yake. Lete."

"Haijaisha."

"Kwani lini zilikuwa zimeisha nikiziona? Lete bwana."

"Mwalimu kasema nisimwonyeshe mtu."

"Hata mimi?"

Makaa akaubana mkono juu ya mfuko. Alikuwa bado anatafuta jibu lisilomuudhi mwalimu wala rafiki, na jibu la namna hiyo haliokotwi haraka. Kifutio akamtazama, kisha akaikunja midomo.

"Basi," akasema. "Kama mwalimu kasema, basi." Akamgeukia yule mwenye riboni. "Enhe, nilifika wapi? Shangazi kapanda juu ya pipa..."

Mwalimu alimkuta Makaa amesimama bado pale. Akamshika bega, akamrudisha stooni taratibu. "Usijishushe," akamnong'oneza. "Wanakuonea wivu. Itakuwa hivyo maisha yako yote, zoea."

Nyumbani nako alijaribu. Alitoka na ubao wake wa kuchorea, akakaa sakafuni barazani, karibu na miguu ya mama inayokanyaga. Mteja mmoja alikuwa akisimulia harusi iliyovunjika, na Makaa akahisi mkono unaanza kuwasha, kama mguu uliokufa ganzi unaporudiwa na damu.

"Rudi ndani, mwanangu," mama akasema. "Huku kelele."

"Nimezoea kelele, mama."

"Ulizoea kwa sababu hukuwa na pengine. Sasa unapo. Nenda, mama."

Mteja naye akanyamaza kwa adabu, hadithi ikakatika, bibi harusi akabaki njiani. Makaa akainuka. Nyuma ya pazia alisikia wanaanza tena kunong'ona, na hakuweza kuyapata maneno.

Ndipo alipoanza kuchora viti. Alichora kile cha mama, mto wake umebonyea upande mmoja. Alichora dawati la nyuma kama alivyolikumbuka, mahali penye alama za kiwiko cha Kifutio. Alichora kitanda chao, upande wa Kitinda, shuka limenyooka. Watu hawakuwemo. Alifika mahali pa mtu, mkono ukazunguka pembeni, ukapita.

Mwalimu akaingia kwa ncha za viatu, akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu apewe chumba kile, Makaa akasikia sauti yake humo.

"Umekomaa," mwalimu akasema. "Makaa, unajua umefanya nini hapa? Hawa watu hawapo, lakini wapo. Unaelewa? Watu wazima hawawezi hili. Chora tena. Chora hivi hivi."

Akasema maneno mengi siku ile, akatembea huku na huku stooni, akapiga meza. Makaa akayanywa kama mtu aliyetoka jangwani. Kesho yake akachora kiti kingine kitupu, na mwalimu akasema tena. Akajua basi: viti vitupu vinamfanya mwalimu aongee. Hapo angeacha vipi? Wewe ungeacha?

Mpaka maonyesho yanafika alikuwa na ukuta mzima. Ukumbi wa shule ulipigwa deki, picha zikatundikwa kwa pini, na za Makaa zikapewa nafasi karibu na mlango. Mama alikuja na gauni aliloshona usiku kadhaa, kamshika Kitinda mkono.

"Mbona katuchora hatupo?" Kitinda akauliza kwa sauti.

"Nyamaza," mama akasema. "Ndiyo sanaa."

Mgeni wa chuo alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake inaning'inia kwa uzi, mtu wa kucheka haraka. Alizunguka ukumbi, akafika kwenye viti, akasimama. Akavaa miwani.

"Hii kazi ya mikono ya nani?"

Mwalimu akamsogeza Makaa mbele kama anayesogeza keki. "Huyu."

"Njoo, binti. Huyu aliyekuwa amekaa hapa ni nani?" Alionyesha dawati lenye alama za kiwiko.

"Rafiki yangu."

"Yupo leo? Yuko wapi? Haya basi, tufanye hivi. Sisi hatumchukui mtu kwa picha za ukutani tu, maana ukutani mtu anaweza kusaidiwa. Nichoree rafiki yako hapa hapa, nikuone mkono."

Makaa akachukua penseli. Huu ndio uliokuwa mlango wenyewe, na kila aliyemjua alikuwa amesimama nyuma yake akiusukuma. Chuo kile alikitaka. Alikitaka kuliko hata mama, kwa sababu mama alikitaka kwa ajili ya maisha mazuri, yeye alikitaka kwa ajili ya kuchora watu mpaka azeeke.

Kifutio akatolewa kwenye kundi, akakalishwa kwenye kiti katikati ya ukumbi. Mwalimu akamwinamia, akamwambia kwa upole, lakini Makaa alisikia: "Tulia kama picha. Usiseme neno, usije ukamsumbua."

Naye Kifutio, aliyekuwa hajawahi kutulia tangu azaliwe, akatulia. Huenda alifanya hivyo kwa kumtakia mema. Aliifunga midomo, akaiweka mikono magotini, akatazama mbele kama mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho. Ukumbi mzima ukanyamaza naye. Hata Kitinda.

Makaa akachora kiti. Akachora miguu ya kiti, akachora viatu, akachora mikunjo ya sketi, na hapo mgeni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akachora mikono magotini. Akapanda mpaka kwenye kola ya shati. Akamtazama Kifutio usoni, akingoja. Akamtazama tena. Sema, akamwomba kwa macho, sema neno lolote, nitukane. Kifutio alimtazama kidogo, kisha akayakwepa macho yale, akageuza yake dirishani.

Juu ya kola hapakuwa na kitu. Penseli iligusa karatasi, ikaacha doa, ikainuka.

"Na uso?" mgeni akauliza.

"Hajasema," Makaa akajibu.

"Hajasema nini?"

"Hajasema kitu."

Watu wawili watatu walicheka nyuma. Mgeni hakucheka. Akavua miwani, akamgeukia mwalimu.

"Anafanya kazi na nani huyu?"

"Peke yake," mwalimu akasema, kifua mbele. "Nimempa chumba. Hata mimi simsemeshi."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani pia, mama," mama yake Makaa akadakia kwa furaha. "Tumemwachia chumba kizima. Hakuna anayemsogelea."

Mgeni akamtazama Makaa kwa namna ambayo Makaa hakuipenda, namna mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake anayekohoa. "Ana jicho," akasema. "Jicho analo." Akampapasa begani, akasogea kwenye picha za shule nyingine. Jioni lilisomwa jina, na halikuwa lake.

Uani, watu wakitawanyika, Kifutio alimfuata.

"Ningesema," akasema. "Nilikatazwa."

"Najua."

"Nilikuwa na la kusema, hata. Ulivyonikodolea vile nilitaka kukwambia jino nimeng'oa. Tangu muhula ulipoanza. Hukuona?"

Makaa akamtazama mdomoni. Kweli, palikuwa na pengo. Hakuwa ameliona asubuhi nzima ya maonyesho, wala siku zote walizopishana uani. Alitaka kuuliza nani alimshika mkono siku ya kung'oa, iliuma namna gani, shangazi alisema nini. Maswali yakaja yote kwa pamoja yakakwama mlangoni.

"Pole," akasema.

"Imeshapoa," Kifutio akajibu. Yule mwenye riboni alikuwa anamwita kutoka getini. Kifutio akasimama kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akakimbia.

Mwalimu aliwasindikiza mpaka barabarani. Alitembea amefunga mikono mgongoni. Mahali pa kuagana akasimama mbele ya mama.

"Nilimpa kile nilichokikosa mimi," akasema.

"Hata mimi, mwalimu," mama akasema.

Wakatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme linalofuata. Makaa aliona midomo yote miwili imefungika. Wakaagana.

Ndugu yangu unayesoma, kama una mtoto amesifiwa, inuka ukamwangalie sasa hivi. Usimwite, nenda mwenyewe alipo. Maana ukichelewa hutakuta amekufa wala anaumwa. Utamkuta mzima, ametulia, na utadhani ni adabu.

Siku ya pili yake, mchana, Makaa alikuwa amelala kitandani akitazama dari aliposikia kishindo barazani. Pazia likavutwa. Mama aliingia kinyumenyume, ameikumbatia cherehani kwa juu, na Kitinda kashika mguu wa meza akidai yeye ndiye anayebeba. Wakaigonga mlangoni, wakaigonga kwenye ukuta. Wakaisimamisha chini ya dirisha. Mama akaondoa lile pazia nene, akaligeuza, akaanza kulipasua lipate kuwa kitu kingine.

"Nitalala humu leo," Kitinda akatangaza. "Mama kasema. Mama si umesema? Kitanda hiki mbona kimekuwa kikubwa? Dada, kwa nini unalala mchana? Unaumwa? Ukiumwa nitalala huku ukutani au huku?"

Akapanda kitandani na miguu ya vumbi, akamkalia dada yake mguu. Mama akaanza kukanyaga.

Makaa alikuwa ameingojea sauti ile. Nyuma ya pazia aliingojea kama mtu anavyongoja hodi. Sasa iliingia chumbani ikamkuta hana mahali pa kuiweka. Cherehani ilimgonga kichwani. Maneno ya Kitinda yalimmwagikia kama mchanga sikioni. Pumzi za watu watatu zilikuwa nyingi mno kwa chumba kimoja. Akajivuta mpaka ukutani, akauondoa mguu wake chini ya mdogo wake.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Huwezi kushonea barazani?"

Cherehani ikasimama.

Makaa aliyasikia maneno yake kama yametoka kwa mtu mwingine, mtu aliyeingia nyumbani kwao bila kubisha. Alitaka kuyarudisha. Alijua hayo ndiyo maneno ambayo hakupaswa kuyasema kuliko yote, na bado alitamani kwa roho yake yote mama ainuke, aibebe cherehani, atoke.

Mama hakuinuka. Alikaa na kitambaa mapajani, uzi umekatika, akiutafuta ncha. Akaulowesha mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano, ukakataa, akaupitisha tena.

"Siwezi," akasema. "Nje hakuna mwanga."

Nje jua lilikuwa kali mpaka mabati yanalia. Kitinda akafungua mdomo kusema hivyo, mama akamtazama, akaufunga.

Makaa akavuta shuka, akajifunika mpaka kichwani. Mama akaushusha mguu wa cherehani juu ya kitambaa, akaendelea kushona.